Nilivyomfunga Mtani Wangu kwa Waya wa Bluu

Nilichukua waya mmoja wa bluu, nikachomeka ncha yake ya kwanza kwenye kisanduku chenye taa za kijani, kisha nikachukua ncha ya pili ya waya uleule nikaichomeka kwenye kisanduku kilekile. Basi. Huo ndio ujinga wenyewe. Sikuiba, sikuvunja, sikumtukana mzazi wa mtu. Mtoto wa chekechea ukimpa waya na matundu atafanya hivyohivyo, na mwalimu atampigia makofi. Lakini mimi nilikuwa kidato cha pili, kusoma nilijua, na juu ya kile kisanduku palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene nyekundu: USIGUSE. HATA WEWE. Huyo "wewe" nilikuwa mimi. Fundi Haule alikuwa ananifahamu vizuri.

Juzi tumemzika Fundi Haule, ndiyo maana nimekaa hapa naandika badala ya kusoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita. Nina miaka kumi na tisa. Najua mtu mzima akiyaona haya atacheka: mtoto huyu ana kumbukumbu za nini, za maziwa? Sawa, chekeni. Mimi kazi yangu tangu darasa la kwanza ni kuchekesha watu, nimechapwa kwa ajili hiyo kuliko waliochapwa kwa ajili ya hesabu. Ila kuna mwaka mmoja ambao kila nikitaka kuufanyia mzaha mdomo unakuwa mkavu, kama mtu aliyekula ming'oko, vile viazi vya porini, bila maji. Habari za ukoo wetu nitaziruka, maana hazina mwisho na nusu yake ni uongo wa bibi. Inatosha kusema kwamba kwa mama sisi ni Wayao, na kwetu upande wa mama ndio upande. Haule alikuwa Mngoni wa Songea. Kwa hiyo siku ya kwanza alipoingia jikoni kwa mama, akaweka begi lake la koleo na bisibisi juu ya meza ya mboga bila kuomba ruhusa, akasema, "Watumwa wangu mmepika nini leo," mama hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Tumepika chakula cha watu. Cha Wangoni kiko kule nje, muulize mbwa kama amebakiza." Utani ulikuwa umeanza, na Haule alikuwa amepata ndugu wa kwanza hapa Mtwara.

Jiko lenyewe lilikuwa nyuma ya ghala la kampuni moja ya korosho, njia ya kuelekea bandarini. Kampuni ilimpa mama kile chumba apikie wafanyakazi. Kilikuwa na kuta nyeusi kwa moshi, mafiga upande mmoja, benchi refu upande wa pili, na dirisha dogo lisilo na kioo lililotazamana na dirisha la ofisi ya Meneja. Kupitia dirisha hilo nilijua habari zote za kampuni kabla ya wakurugenzi. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, kisamvu kilichotiwa nazi mpaka kikanyamaza, samaki wa Msimbati wa kukaanga, na siku nzuri pweza. Mchana watu wakishakula, mama alikaa kwenye kizingiti akasuka mikeka. Ukindu wake alikuwa anautia rangi mwenyewe, na rangi moja ilikuwa imemshinda: alitaka zambarau, ikatoka kitu katikati ya zambarau na bibo lililooza. Hakuitupa. Aliisukia hivyohivyo, na ikawa alama yake. Ukiona mkeka wenye rangi ya bibo bovu, hata kama umetandikwa msikitini Naliendele, unajua umetoka kwa Bi Somoe, mpishi wa kampuni. Mimi nilikuwa natoka shule nakwenda pale kubeba sahani, na Jumamosi nilikuwa pale tangu asubuhi.

Kabla ya Haule, kompyuta za kampuni zilikuwa zimeunganishwa kwa waya mmoja mweusi, mnene kama mkia wa panya buku, uliotoka kompyuta hii kwenda ile mpaka ya mwisho kama kamba ya kuanikia nguo. Mfagizi akigusa kiungo kimoja kwa ufagio, ofisi nzima inalala. Dada Neema wa uhasibu alikuwa akituma hesabu kwa Meneja, anakuja jikoni, anakunywa chai na vitumbua, anamsema mumewe mpaka anamaliza, anarudi, hesabu bado ziko njiani. Haule aliletwa kuondoa waya ule na kuweka mtandao mpya, Etheneti ya kasi, waya wa bluu kwa kila kompyuta, zote zikikutana kwenye visanduku vinavyoitwa swichi. Nilimsikia akimweleza mama siku moja, mdomo umejaa kisamvu. "Mtani, huu waya mweusi ni bomba moja la mtaani. Kina mama wote wanataka kuchota. Wawili wakitega ndoo pamoja, ugomvi, wote wanarudi nyuma wanaanza upya. Mimi nataka kila mama awe na bomba lake ndani kwake." Mama akasema, "Na maji yapo?" "Yapo. Tena yanakuja kwa kasi mara kumi ya haya." "Wangoni nyie. Zamani mlitukimbiza kwa ngao, leo mnatukimbiza kwa mabomba." Haule akacheka mpaka chembe za kisamvu zikaruka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye neno moja aliloliweka kila mahali. Kompyuta ikikwama, anainua kiganja, anasema, "Tulia, inafikiri." Mchuzi ukichelewa kuchemka: tulia, unafikiri. Meneja akinyamaza kwenye simu, Haule ananikonyeza dirishani: tulia.

Kilichokuwa mezani kilijulikana na kila mtu, maana Haule hakuwa na siri. Meneja alimchukua kwa majaribio. Mtandao mpya ukivuka siku ya kwanza ya msimu wa korosho, malori yakaingia, uzito ukasomwa mizanini na kuonekana ofisini palepale, basi Haule ataajiriwa moja kwa moja. Usipovuka, asante na kwaheri. Mkewe na binti yao mdogo, Beata, walikuwa Songea wakisubiri neno lake. Alikuwa amepanga vyumba viwili Mtawanya, na tayari alikuwa amemtengenezea mtoto kitanda kwa fundi seremala, kidogo, chenye maua yaliyochongwa kichwani. Alituonyesha jinsi kilivyo kwa kupima hewani kwa mikono. Mama akamwambia, "Hicho ni cha mbuzi." "Ni cha Beata." "Sasa si ndiyo nimesema."

Mimi na yeye tulikuwa na vita yetu wenyewe. Katika utani wetu, mtani akikuta mlango wako wazi anakufunga kamba. Anaweza kukufunga mguu, au baiskeli yako, au mbuzi wako, na huruhusiwi kukasirika. Unatoa fidia, soda au kipande cha mhogo, unafunguliwa. Mjomba alinifundisha sharti lake: kamba ya utani hufungwa ncha zote mbili. Ukiacha ncha inaning'inia, mtani anatoka bure na anakucheka wewe. Basi wiki moja kabla ya msimu, Haule alichukua begi langu la shule akalifunga kwenye nguzo ya jiko kwa waya wa bluu, mafundo ya kishetani, akakaa pembeni akisoma gazeti la zamani. Nilichelewa shule, mwalimu wa zamu akanipokea getini kwa fimbo. Fidia aliyotaka ilikuwa nikiri mbele ya wapakiaji wote kwamba mimi ni mtumwa wake na babu yangu alikimbia akiwa uchi. Nikakiri. Wapakiaji walicheka mpaka wakaangusha gunia. Nikasema moyoni: Mngoni, utaona.

Siku ya kufungua msimu ilikuwa Jumamosi. Haule alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata nyanya. Malori yalikuwa yamepanga foleni toka getini, na wakulima wa Mpapura waliokuja na magunia yao walikaa kivulini wakimenya machungwa. Kutoka dirishani niliona lori la kwanza likipanda mizani, na kabla mpimaji hajamaliza kukohoa, Dada Neema aliita kutoka ofisini, "Nimeuona. Uzito nimeuona hapa." Watu wakapiga makofi. Meneja, ambaye uso wake haukuzoea kazi hiyo, alitabasamu. Alikuwa amekataza kabisa kupima kwa karatasi siku ile, ili ajue kama mtandao unafanya kazi au haufanyi. Haule akaja jikoni, akamwambia mama, "Mtumwa wangu, weka samaki wa kichwa kikubwa. Leo nakula kama mwenyeji." Mama akasema, "Kula kwanza kama mgeni, mwenyeji anaosha sahani." Nilikuwa sijawahi kumwona mtu ana furaha kiasi kile bila kunywa uraka, ile pombe ya mabibo.

Ndipo mama akanituma kupeleka chai kwa wapakiaji kwenye stoo ya magunia matupu. Stoo ile ilikuwa katikati ya ofisi na chumba cha mizani, na kwa sababu njia ni ndefu, Haule aliweka swichi ndogo pale chini ya meza, ipokee huku na kutuma kule. Nikaiona inamemeteka, na karatasi yake nyekundu. Kando yake palikuwa na waya wa bluu uliobaki, umekunjwa. Mfukoni nilikuwa na ukindu wa mama, ule wa rangi ya bibo bovu, maana nilikuwa nafungia bahasha za karanga. Sasa mtani akikuacha peke yako na mlango wazi, ufanye nini? Niliufunga ule waya kwenye mguu wa meza kwa ukindu, mafundo ya Kiyao, kisha nikakumbuka sharti la mjomba. Ncha mbili zilikuwa zinaning'inia. Nikazichomeka zote. Taa za kisanduku, zilizokuwa zikikonyeza moja moja kwa zamu, zikaanza kuwaka na kuzima zote pamoja, upesi kama mtu anayetetemeka homa. Nikaona zinapendeza. Nikaondoka na sinia langu, nikipanga maneno: Mngoni, nimekufunga, toa soda, na useme mbele ya wapakiaji babu yako alitoka kusini kwa miguu hajui hata chumvi ni nini.

Leo naelewa nilichofanya, fizikia imenisaidia kidogo na aibu imenisaidia zaidi. Kompyuta huwa zinapiga kelele mara kwa mara: jamani, fulani yuko wapi? Swichi inasikia, inapeleka sauti ile kwenye milango yake yote. Mimi nilikuwa nimeunganisha mlango na mlango. Sauti ikatoka huku ikaingia kule, swichi ikadhani ni mwito mpya, ikautangaza tena, ukarudi tena, ukazaa, mpaka ofisi nzima ikajaa mwito mmoja usiokufa na hakuna neno lingine lililopata pa kupita. Waya ule mweusi wa zamani usingeweza kufungwa hivi. Ni huu mpya, wa kasi, uliofungika. Na ukiangalia kwa macho hakuna kilichokatika wala kilichoungua; kila waya uko mahali pake, tena mmoja umezidi, na nani huhesabu kilichozidi anapotafuta kilichopungua?

Nilifika jikoni nikakuta mama amesimama dirishani na mwiko hewani. Sauti ya Meneja ilikuwa imeshabadilika. "Bwana Haule, skrini zimeganda." "Tulia mkuu, zinafi—" "Usiniambie nitulie. Nje kuna malori." Nikasikia viti vinasukumwa, Haule anakimbia kwenda mizani, anarudi, anapanda ngazi, anachungulia darini. Nikavuta pumzi niseme. Naapa nilivuta. Maneno yangu ya soda yalikuwa mdomoni kabisa. Ndipo Meneja akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Kama kuna mtu amegusa vifaa hivi, namtoa yeye na aliyemleta humu ndani." Aliyenileta mimi humu ndani alikuwa pembeni yangu, ananuka moshi, ana mwiko mkononi. Nikazitoa zile pumzi kimya kimya. Mama akaniangalia. "Una nini?" "Tumbo." "Kanywe maji."

Halafu mvua ikanyesha. Mvua ya kwanza ya mwaka, ile isiyo na adabu, inakuja na jua lake. Wakulima waliruka kufunika magunia. Kina mama wakavua kanga za mabegani wakazitandaza juu ya korosho. Korosho ikilowa, thamani yake imeshuka, hilo hata mtoto anajua huku kwetu. Mama mmoja wa Mpapura alikuja mpaka dirisha la ofisi, maji yanamtiririka kidevuni, akaongea taratibu kabisa. "Baba, korosho nimepalilia mimi, wameokota wanangu. Sasa nangoja ruhusa ya waya?" Meneja akageukia malori. Haule alikuwa nyuma yake, shati jeupe limekuwa la vumbi la darini, mikunjo yote imekufa. Alimwangalia yule mama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu atulie.

Nilisubiri wapakiaji wakimbilie malori, nikaingia stoo. Ukindu ulikuwa umekaza kwa unyevu, nikaukata kwa meno. Nikachomoa ncha moja, nikachomoa ya pili, nikaukunja waya nikauweka ulipokuwa. Taa zikatulia. Zikarudi kukonyeza kwa zamu kama watu wenye adabu. Kabla sijafika mlangoni nilisikia Dada Neema anaita, "Imerudi. Imerudi jamani." Nikadhani nimemwokoa. Huo ndio ujinga wa pili, na ndio uliommaliza, maana wa kwanza ungeweza kuelezeka. Niliwasikia kupitia dirisha, Meneja na Haule, kila neno. "Umerekebisha nini?" Haule akajifuta vumbi mikononi. "Nimekuuliza, Bwana Haule. Kilikuwa nini?" Angesema neno lolote la Kizungu. Angesema umeme, angesema mvua, angesema panya amekula waya. Meneja hakuwa anajua swichi na sufuria zinatofautianaje. Haule alisema, "Sijui, mkuu. Nilikuwa nimeshika waya wa mizani, mara ikarudi yenyewe." Meneja akasema, "Kitu kinachokufa bila sababu na kufufuka bila sababu, siwezi kuweka juu yake korosho za watu." Hakuwa na hasira tena. Alisema kama mtu anayefunga duka.

Jioni ile ile, malori ya mwisho yakipimwa kwa karatasi, nilijificha nyuma ya rundo la makumbi ya nazi. Nilimwona Haule amesimama mlangoni pa jikoni, ameshika kitu kati ya vidole viwili, kidogo, sikukiona. Alisema maneno mafupi. Mama alikuwa anakoroga ugali wa walinzi. Aligeuka mara moja, akatazama, akatikisa kichwa. Haule akaondoka. Samaki wake wa kichwa kikubwa alibaki kwenye sahani mpaka paka wakajua. Nilifikiri alikuja kuuliza kama chakula kipo, na mama amemwambia hakuna, na nikashangaa kwa nini mama amedanganya wakati samaki anaonekana. Nilikuwa mjinga wa mambo mengi siku hiyo.

Walirudisha waya mweusi. Haule mwenyewe ndiye aliyeambiwa aurudishe kabla hajaondoka, na aliufanya vizuri, hakuacha kiungo kimelegea. Hakurudi Songea. Alifungua kibanda Mtawanya cha kutengeneza redio na baadaye simu, na kila mwaka alimwambia mkewe asubiri kidogo. Miaka miwili baadaye kampuni ilileta mafundi kutoka Dar es Salaam waweke Etheneti ya kasi. Walipanda darini wakakuta waya zote za bluu zimeshapita, zimefungwa vizuri, kila moja ina jina lake. Walichomeka tu. Walikula kwa mama, wakamaliza kazi kabla mboga haijaisha, na Meneja akawapa mikono. Mama siku hiyo aliunguza ugali. Mama yangu hakuwa amewahi kuunguza ugali.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kitu kingine, na watu wa mahali pengine labda hawatakiona kikubwa. Tulikuwa tukikutana na Haule sokoni, au njia ya Naliendele, na alikuwa akisimama, anainamisha kichwa, anasema, "Habari za leo, Bi Somoe. Na wewe kijana, masomo yanakwendaje?" Basi. Hakuna mtumwa, hakuna babu uchi. Mara ya kwanza nilimjibu, "Mngoni, hujafa tu?" na akatabasamu kidogo kama mtu aliyesikia lugha aliyowahi kusoma, akapita. Mtani akikusalimia kwa heshima, jua amekwisha kukuzika. Mama alikuwa akijibu, "Nzuri, Baba Beata," halafu anatembea mbele yangu haraka, na mimi namfuata nyuma mpaka nyumbani.

Amekufa kwa homa, hospitali, siku chache tu. Kumsafirisha Songea haikuwezekana, na ndugu wa karibu hapa hakuwa nao, kwa hiyo kazi za msiba zilituangukia watani, kama inavyopaswa. Wayao wa Mtawanya na wa mjini walijitokeza hata wasiomjua. Wanaume walichimba kaburi kwenye makaburi ya Wakristo, wanawake wakapika, na mama ndiye aliyeshika masufuria makubwa. Mkewe alifika na basi, amechoka, na Beata pamoja naye, msichana mrefu sasa kama baba yake. Niliingia chumba cha ndani kutoa viti nikakiona kitanda. Kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya duka kwenye maua ya kichwani, na juu yake alikuwa amepanga redio za watu zilizokufa. Beata alikuwa amesimama mlangoni anakiangalia. Akaniuliza, "Hiki alikuwa anamlaza nani?" Nikasema ni cha kuwekea redio. Mimi ninayeweza kumjibu mwalimu mkuu palepale, hilo ndilo nililopata.

Baada ya mazishi tulirudi uani kwake, na bibi mmoja wa Kiyao, kiongozi wa utani, akanirushia ovaroli la marehemu. "Twalibu, wewe si ndiye mchekeshaji? Msiba umekauka huu. Mfanye Mngoni acheke huko aliko." Sikuwa na pa kukimbilia. Mtani hakatai. Nikavaa, mikono ikanizidi, nikachukua koleo lake na waya wa bluu uliokuwa kibandani, nikatembea kama yeye, magoti mbele. Nikasimama mbele ya picha yake, nikainua kiganja. "Tulieni," nikasema. "Anafikiri." Uani watu wakavunjika mbavu. Mkewe alicheka na machozi yakamtoka pamoja, akajifunika kanga. Beata alicheka pia, kicheko cha baba yake kabisa. Walipocheka hivyo nikaona mlango umefunguka, nami sikuwa na nguvu ya kutoupita. Nikajigeuza nikawa mimi, kidato cha pili, sinia mkononi. Nikaufunga ule waya kwenye mguu wa kiti kwa mafundo, nikainua ncha mbili watu wazione. "Mngoni," nikamwambia ile picha, "ni mimi niliyekufunga. Stoo ya magunia. Nilichomeka ncha zote mbili, nikakaa kimya, wakakufukuza. Kitanda cha mtoto kikalaliwa na redio. Ulipokuwa unatafuta darini, dawa yako nilikuwa nayo mimi, nabeba vikombe. Haya, toa fidia nikufungue." Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Bibi yule alipiga vigelegele. Mtu mmoja alisema mtoto huyu ana kipaji, ametunga palepale. Mkewe Haule alinishika mkono, akasema, "Asante, mtani. Angefurahi sana." Nilitazama kote nikitafuta uso mmoja usiocheka. Ulikuwa kwenye mafiga. Mama alikuwa amegeuka, ameinamia sufuria tupu, anaikoroga.

Watu walipopungua nilivua ovaroli nikaenda kumsaidia kuosha. Nilikaa mbele yake, mchanga na maji kati yetu. Alisugua ukoko muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua macho, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Jioni ile alikuja jikoni na kipande cha ukindu, kimetafunwa ncha. Akaniuliza, 'Bi Somoe, hiki ni chako?' Nikamwambia sikijui. Akasema, 'Basi, nilidhani.' Shika upande huo wa sufuria, mwanangu, bado ni ya moto."